Shajara ya mazoezi ya ajabu ya kuogelea: Januari hadi Mei, bwawa la mita 25, South C, Nairobi

Jumamosi, 11 Januari 2025. Hesabu ya kuanzia

Mimi ni karani wa hesabu katika duka la vifaa vya ujenzi, Industrial Area. Nina miaka 43. Nimeogelea mtindo huru kwa miaka sita, na tangu mwaka wa pili sijapunguza hata sekunde moja. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi nafika bwawani saa kumi na mbili asubuhi, napiga mita 1,200 zilezile, naoga, nashika matatu kwenda kazini.

Mzee anayefunza watoto kwenye leni ya pembeni, mtu wa Kizingitini kule Lamu, ameniona miaka yote hiyo bila kunipa neno zaidi ya salamu. Mwezi wa Desemba akaniita. "Mwanangu, wewe na punda wa Lamu ni mamoja. Njia mwaijua, na hamuulizi kama kuna nyingine." Nikamuuliza nifanye nini. Akasema nijaribu kila zoezi ambalo limewahi kunichekesha nikiona wengine wakilifanya.

Basi nimeorodhesha. Kanuni ni moja: kila zoezi nalipa siku nne za bwawani kabla ya kulikataa. Siku ya kwanza sitoi hukumu, maana siku ya kwanza kila kitu ni upuuzi.

Napima hivi: idadi ya mikono kwa mita 25 (kila kiganja kinapoingia majini ni mmoja), sekunde za hizo mita 25, halafu kila baada ya majuma kadhaa mita 400 mfululizo. Leo nimepata mikono 26, sekunde 31, na mita 400 kwa dakika 9 na sekunde 48. Mikono ukijumlisha na sekunde ni 57. Hiyo jumla ndiyo ninayoiamini. Mikono peke yake hudanganya: unaweza kuipunguza kwa kuteleza kama gogo baada ya kila mvuto huku sekunde zikikukimbia.

Matumizi hadi sasa: kadi ya mwezi 4,500, daftari 80.

Jumamosi, 25 Januari. Ngumi, na daftari lililokufa

Daftari kwanza. Nililiweka ukingoni ndani ya mfuko wa plastiki. Watoto wa Jumamosi wakaruka majini wote kwa pamoja, mfuko ukajaa, hesabu za juma zima zikawa rangi ya samawati. Karani wa hesabu kupoteza vitabu! Nilijaribu kadi iliyofunikwa plastiki ya ng'aring'ari, lakini penseli inateleza tu juu yake. Dawa nimeipata dukani kwetu: kipande cha bomba jeupe la PVC la inchi nne, kimepasuliwa, kikalainishwa kwa moto na kunyooshwa, halafu kikakwaruzwa kwa msasa hadi kikapoteza mng'ao. Penseli ya kawaida inaandika juu yake hata kikiwa kimelowa, na ukitaka kufuta unapitisha msasa tena. Kipande ni bure kwa sababu kilikuwa kinatupwa. Msasa shilingi 60.

Sasa ngumi. Unaogelea mtindo huru kama kawaida, viganja umevikunja. Ukikunja ngumi, kiganja hakishiki kitu, kwa hiyo mkono mzima kuanzia kiwiko kushuka ndio unaolazimika kusukuma maji. Mtu aliyezoea kuchota kwa kiganja huku kiwiko kimeanguka, kama mimi, anajikuta hana injini.

Siku ya kwanza nilihesabu mikono 38 na sikufika ukutani. Nilisimama mita mbili kabla, nimekunywa maji ya kutosha kupika chai. Siku ya pili 36. Nikagundua nilikuwa najiibia: ngumi zilikuwa zinafunguka zenyewe taratibu, vidole viwili viwili, bila mimi kujua. Nikanunua mipira miwili ya tenisi ya mitumba, shilingi 100 yote, nikaishika. Ukifungua mkono, mpira unaelea na kwenda zake, na watu wote wanajua umeiba. Siku ya nne nilikuwa 33.

Kinachofaa ni dakika ile ya kuachia mipira. Ukipiga mita 25 mara tu baada ya ngumi, viganja vinahisi vikubwa kama sinia. Mikono 24, sekunde 30. Hisia hiyo inadumu kama mita 100 hivi halafu inakufa, kwa hiyo nabadilisha: 25 za ngumi, 25 za viganja wazi, mara nane. Imebaki kwenye ratiba.

Jumamosi, 8 Februari. Kikombe juu ya paji la uso, na kurudi kinyumenyume

Kikombe: unalala chali, unaweka kikombe cha plastiki chenye maji nusu juu ya paji la uso, unaogelea mita 25 bila kikombe kuanguka. Kichwa kikitikisika, umeoga. Kikombe kitupu hakifai, upepo mdogo tu unakiangusha. Kilichojaa nacho ni kizito mno puani kikishuka. Nusu, kiwe kipana chini.

Niliangusha mara 11 siku ya kwanza. Siku ya tatu mzee akaniambia nihesabu kinaangukia wapi, sio kinaanguka mara ngapi. Nikaandika kwenye kibao changu cha PVC: kushoto, kushoto, kushoto, kulia, kushoto, kushoto. Sikujua la kufanya na habari hiyo. Nimeiandika hapa kwa sababu karani haachi safu wazi.

Kurudi kinyumenyume ni hivi: unalala chali, mikono imenyooka kando ya nyonga, unapepea maji kwa viganja tu ili uende upande wa miguu. Zoezi hili linafunza viganja kushika maji katika kila pembe, kama rubani wa ngalawa anavyoshika usukani. Mimi nilipepea dakika nzima nikabaki palepale. Halafu nikaanza kwenda, lakini kwa upande, nikavuka kamba na kumgonga mama mmoja anayefanya mazoezi ya goti kwenye leni ya pili. Niliomba radhi. "Baba, ulikuwa unaelekea wapi?" aliniuliza. Sikuwa na jibu la maana.

Kosa langu lilikuwa vidole. Nilikuwa nimevibana na kuviinua juu. Kwenda upande wa miguu, ncha za vidole zinatazama chini kidogo na kiganja kinasukuma kuelekea kichwani. Nilipogeuza hivyo, mita 25 zilinichukua dakika 2 na sekunde 10. Polepole, lakini nilifika, na kwa kunyooka. Nalifanya mita 50 tu kama kupasha mwili. Kikombe kinabaki mara moja kwa juma.

Kuogelea na fulana ya pamba ili maji yakuvute: halikufika siku nne. Mwokoaji alinirudisha chumba cha kubadilishia kabla sijalowa. Mavazi rasmi ya kuogelea tu, na kwa haki, kwani fulana zinaacha nyuzi kwenye chujio.

Jumanne, 18 Februari. Chini ya maji: nililofuta siku ya kwanza

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndilo kosa la pekee katika shajara hii ambalo lingeweza kuwa la mwisho.

Nilikuwa nimesoma habari za waogeleaji waliogundua kwamba chini ya maji kuna kasi kuliko juu. Masaru Furukawa wa Japani alishinda mita 200 za mtindo wa chura Melbourne mwaka 1956 akiwa sehemu kubwa ya mbio amezama. Baada ya hapo sheria ikabadilishwa, muogeleaji akatakiwa kuonekana. David Berkoff wa Marekani alifanya vivyo hivyo chali huko Seoul mwaka 1988, akipiga teke la pomboo (miguu pamoja, mwili ukijipinda kama wimbi) chini ya maji karibu mita 35 kabla ya kuibuka. Sheria ikamfuata na yeye: siku hizi ni mita 15 baada ya kujirusha au kugeuka, kwa chali, kipepeo na mtindo huru. Nikaona, kama wakubwa walizuiwa kwa sheria, basi kuna utamu.

Nikaamua kupiga mita 25 nzima chini ya maji. Kabla ya kuzama nikavuta pumzi kumi ndefu, haraka haraka, nikidhani nayajaza mapafu kama mtungi wa gesi.

Mita kumi za kwanza zilikuwa ngumu kidogo. Halafu zikawa rahisi. Nilifika alama ya mita 20 nikiwa na raha ya ajabu, sina hamu ya hewa hata kidogo, mistari ya vigae chini yangu imeanza kuwa myembamba kama kwamba mtu anavuta pazia pande mbili. Niliona mguu wa mtu mbele yangu. Ulikuwa wa mzee. Alinishika nywele, akaniinua. Midomo ilikuwa inawasha kama nimekula pilipili, na sikuweza kutamka jina langu kwa sekunde kadhaa.

Hakunipigia kelele. Alinikalisha ukingoni na kuniambia kwamba kwao wapiga mbizi wa zamani hawakufa kwa kuzidiwa na bahari, walikufa wakitabasamu. Nikakaa na hilo nikitetemeka.

Maelezo yake ya kisayansi ni haya, na yeyote anayeiga kazi hii ayasome mara mbili. Hamu ya kupumua haiji kwa sababu oksijeni imekwisha. Inakuja kwa sababu hewa chafu ya kaboni imejaa kwenye damu. Ukivuta na kutoa pumzi nyingi za haraka kabla ya kuzama, unaifukuza kaboni lakini huongezi oksijeni kwa kiasi cha maana. Kwa hiyo king'ora kimezimwa. Oksijeni inaendelea kushuka kimyakimya hadi ubongo unazima, na hukupata onyo lolote. Kina cha maji si kitu, watu wamezimia hivi kwenye maji ya kifuani. Halafu sisi tuko Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako kila pumzi ina oksijeni pungufu kuliko ya Mombasa kwa kama asilimia 17 au zaidi.

Kwa hiyo: hakuna kuvuta pumzi nyingi kabla ya kuzama, kamwe. Hakuna kuzama peke yako, hata kama mwokoaji yupo upande wa pili akitazama simu. Teke la pomboo baada ya kujisukuma ukutani nalifanya kwa mita 8 au 10, nikiwa na pumzi moja ya kawaida, mtu akinitazama. Mazoezi ya kubana pumzi kwa mikono saba au tisa nimeyafuta kwenye orodha bila kuyajaribu. Kanuni ya siku nne imevunjwa na sina majuto.

Tangu leo mzee ni kocha wangu wa kulipwa, shilingi 1,000 kwa kipindi. Alitaka bure, nikakataa.

Jumamosi, 1 Machi. Kichwa juu

Mtindo huru, kichwa nje ya maji, macho mbele. Ndivyo alivyokuwa akiogelea Johnny Weissmuller, wa kwanza kupiga mita 100 chini ya dakika moja, mwaka 1922. Ndivyo pia anavyoogelea kila mtu aliyejifunza mtoni bila mwalimu, na kwa sababu hiyo nilikuwa nalidharau zaidi ya yote. Nililipa miaka miwili ya masomo ili niache kufanya hivyo!

Kama mtindo, limenishinda kabisa. Kichwa kikipanda, nyonga zinashuka, miguu inafanya kazi ya punda, shingo inakaza. Mikono 34, sekunde 36. Mita 400 nilizopima wiki hii, bila kichwa juu, zilikuwa dakika 10 na sekunde 2, mbaya kuliko nilipoanza. Nilirudi nyumbani nimenuna.

Lakini siku ya tatu, kwa kuwa macho yalikuwa juu na sina kingine cha kutazama, nikatazama mikono yangu inapoingia. Wa kulia uliingia mbele ya bega, vizuri. Wa kushoto ukaja, ukapita mbele ya pua, ukaingia majini upande wa kulia wa kichwa changu. Nikadhani nimeona vibaya. Mkono uliofuata, hivyohivyo. Mita 25 nzima mkono wa kushoto ulikuwa unavuka mpaka kama mtu anayekwenda kuomba chumvi kwa jirani.

Miaka sita! Kichwa kikiwa chini huoni, unahisi tu kwamba uko sawa. Na unapovuta pumzi upande wa kulia, kama ninavyofanya mimi daima, mwili unajiviringisha na ule mkono wa kushoto ulio mbele unafuata, unavuka. Nikakumbuka kikombe: kushoto, kushoto, kushoto.

Nilimwambia mzee. "Naam," akasema. "Mkono wako wa kushoto wafuata pua tangu nilipokujua." Nikamuuliza mbona hakuniambia. Alisema aliniambia mwaka 2021, nikamjibu kwamba nahisi niko sawa. Sikumbuki. Ninamwamini.

Jumamosi, 15 Machi. Mwendo wa kuchechemea

Ningekuwa na akili ningeshughulikia mkono wa kushoto kwanza. Badala yake nilifuata ratiba, kwa kuwa zoezi lililofuata nilikuwa nalitamani tangu Januari.

Kuna waogeleaji wakubwa, Michael Phelps akiwa mmojawapo, ambao mikono yao haina mpigo sawa. Mmoja unakaa mbele kwa muda mrefu wanapovuta pumzi, halafu wa pili unakuja haraka. Ukiwatazama kwa mbali utadhani wanachechemea, au farasi anaenda mbio. Nimelijaribu, na kwa mara ya kwanza tangu nianze nikajisikia muogeleaji. Mikono 23, sekunde 28. Jumla 51! Siku ya pili nikapata 50. Niliwapigia simu watu.

Siku ya nne bega la kushoto likaanza kuuma mbele, pale mkono unapoungana na kifua. Usiku sikuweza kulalia upande huo.

Ukiujua ule mkono, sababu iko wazi. Mwendo wa kuchechemea unauacha mkono wa kushoto mbele kwa muda mrefu huku uzito wote ukiegemea juu yake, na mkono wangu ulikuwa umevuka, bega limejikunja kwa ndani. Nilichukua kosa dogo nikaliwekea mzigo. Mwenye mikono iliyonyooka huenda likamfaa. Atakayeiga ajitazame kwanza kichwa juu, au apigwe picha ya video kutoka mbele.

Mzee yuko kwenye mfungo wa Ramadhani, haingii majini kwa kuogopa kumeza. Amekaa kwenye kiti ukingoni na fimbo ya kusafishia bwawa, ananigusa nayo kiwiko kikianguka. Ni kocha mkali zaidi akiwa na njaa.

Jumamosi, 5 Aprili. Bega, na mapezi yasiyolingana

Mtaalamu wa viungo: 2,500 kwa ziara moja. Hakuna kilichochanika. Majuma mawili bila kuvuta kwa mkono wa kushoto, halafu kurudi taratibu. Alinifunza mazoezi ya kuimarisha nyuma ya bega, ambayo nayafanya jikoni nikisubiri maji yachemke.

Kwa hiyo miguu. Nilishuka sokoni Gikomba nikapata mapezi ya mpira, marefu, 700 baada ya kubishana. Nyumbani nikaona moja ni namba 40 na la pili 42. Lile kubwa lilinichubua kisigino hadi damu. Soksi nene za shule za kijana wangu zilimaliza tatizo: moja mguu wa 40, mbili mguu wa 42.

Nikajaribu teke la pomboo kwa ubavu. Unalala ubavu, mkono wa chini umenyooka mbele, wa juu umekaa pajani, unajipinda kutoka kifuani hadi miguuni kama samaki wa kawaida anavyojipinda, pande kwa pande. Misty Hyman wa Marekani alikuwa anapiga hivi chini ya maji, akashinda mita 200 za kipepeo Sydney mwaka 2000. Kipepeo hakijawahi kuwa mtindo wangu. Najua tu, kama kila Mkenya anayeogelea, kwamba Jason Dunford aliweka rekodi ya Olimpiki ya mita 100 za kipepeo Beijing mwaka 2008, sekunde 51.14 katika mchujo, na kwamba ilivunjwa jioni ileile.

Siku tatu nilikuwa najipinda magotini tu. Dalili ni kwamba unapiga kelele nyingi na huendi. Mzee aliweka fimbo chini ya mbavu zangu na kusema nisukume fimbo kwanza, magoti yatafuata. Siku ya nne nikateleza. Nilienda kama mita sita kwa pigo tatu, nikapata woga wa furaha, nikasimama.

Bega linaumia kidogo ubavu wa kushoto ukiwa chini, kwa hiyo kwa sasa ni ubavu wa kulia tu.

Jumamosi, 26 Aprili. Mvua, tyubu

Mvua ndefu imeingia. Radi ikisikika, kila mtu nje, hilo halina mjadala. Lakini baada ya ule usiku wa mafuriko maji yalibadilika rangi yakawa kama maziwa yaliyochanganywa na chai. Mwokoaji hakufungua siku tano: kama haoni kigae cha chini upande wa kina, hakuna anayeingia. Nililalamika kimoyomoyo kwa ajili ya kadi yangu. Mtu akizama kwenye maji yale hakuna atakayemwona, kwa hiyo nililalamika hadi hapo tu.

Tyubu ya baiskeli iliyokwisha kazi, shilingi 50 kwa fundi. Nimeipasua kwa urefu, nimeifunga kwenye grili ya dirisha, nimeinama kiunoni, natazama sakafu, navuta. Nimebandika vipande viwili vya utepe sakafuni, upana wa mabega, kama reli. Kila mkono una reli yake. Wa kushoto ukivuka, naona. Siku ya pili fundo lilifunguka, tyubu ikanichapa sikioni kwa sauti ambayo jirani alikuja kuiulizia. Fundo moja halitoshi kwenye mpira. Piga fundo la pili na uache mkia mrefu.

Haya ya sakafuni yamenisaidia zaidi ya nilivyotegemea. Bila maji usoni na bila haja ya kupumua upande, mkono unasikia.

Jumamosi, 10 Mei. Saa nne na saa nane

Bwawa limefunguka, bega halina neno.

Dawa ya mkono unaovuka ni kuzidisha upande wa pili. Fikiria uso wa saa umelala juu ya maji, kichwa chako kwenye kumi na mbili. Mkono wa kushoto uingie kwenye kumi, wa kulia kwenye mbili. Nikaingiza kwenye kumi na moja. Mzee akatikisa kichwa, bado unavuka. Nikaingiza kwenye kumi. Bado. "Weka kwenye tisa, mwanangu." Nikamwambia kwenye tisa nitakuwa nimebeba ndoo mbili za maji. Akasema nibebe.

Niliingiza mkono mahali ambapo mwili wangu uliapa ni pembeni kabisa, karibu na kamba. Nilijisikia mjinga kuliko siku zote za mradi huu, kuliko ngumi, kuliko kikombe. Mzee alikuwa amemwomba kijana wa mapokezi apige video kwa simu yangu kutoka mbele. Tukatazama. Mkono wa kushoto ulikuwa unaingia mbele ya bega, sawasawa, hata haukufika kwenye kumi. Niliirudia video mara tano nikiwa nadondoka maji juu ya simu.

Tangu hapo nafanya hivi: mita 25 "kwenye tisa", 25 kichwa juu kuhakikisha, 25 ngumi, 25 kawaida. Mara sita. Lile nililolidharau kuliko yote ndilo kioo changu sasa.

Jumamosi, 24 Mei. Kipimo

Asubuhi ya baridi, mvuke juu ya maji, leni yangu peke yangu.

Mita 25: mikono 22, sekunde 28. Jumla 50, sawa na ile ya kuchechemea, bila maumivu. Mita 400: dakika 9 na sekunde 7. Nimepunguza sekunde 41 tangu Januari. Nimepumua pande zote mbili, kila mikono mitatu, hadi mita 250 hivi. Baada ya hapo nilirudi kulia tu, maana hewa ya hapa haibembelezi.

Matumizi yote: kadi nne za mwezi 18,000, viingilio viwili vya siku moja 800, kocha vipindi sita 6,000, mtaalamu wa viungo 2,500, mapezi 700, mipira 100, daftari marehemu 80, msasa 60, tyubu 50. Jumla shilingi 28,290. Ukiondoa bwawa, ambalo ningelilipia hata hivyo, mradi wenyewe ni 9,490. Na ukiondoa bega, ambalo nililitafuta mwenyewe, ni 6,990.

Kijana wa mapokezi alipiga video tena kwenye mita 400. Hadi mita 300 mkono wa kushoto unakaa kwenye reli yake. Kwenye 325 unaanza kusogea. Kwenye 375 umefika puani, umeingia upande wa kulia, kama hajawahi kutokea mtu wa kuuonya.

Mzee ametazama, amenirudishia simu. Jumanne anataka nijaribu kuogelea nimefumba macho, yeye akitembea ukingoni na fimbo, nimwambie kila nikihisi nimeikaribia kamba, na ni ya upande gani. Nimeandika kwenye kibao: siku nne.